Mashua Tano za Kalibu Moja

Juzi maabara, mwanafunzi mmoja ambaye simtaji kwa sababu uchunguzi bado unaendelea alichukua kifuniko cha kalamu akakipeleka kwenye moto wa taa ya spiriti, aone kitatokea nini. Kilitokea kilekile ambacho kimekuwa kikitokea tangu plastiki iumbwe: kiliungua, kikadondosha matone meusi, na moshi ukajaa darasa zima. Mwalimu aliuliza ni nani. Mimi sikuwa na habari naye. Ule moshi ulikuwa umeshaniingia puani na kunirudisha kijijini Kemambo, nina miaka kumi, nimechuchumaa nyuma ya jiko la Bibi, vidole vimeungua, natenda dhambi.

Nisikilizeni, lakini msimpelekee Bibi maneno.

Kijijini kwetu tuna lambo moja la kunyweshea ng'ombe. Masika huwa ni ziwa. Kiangazi hunywea mpaka unaweza kulivuka kwa kurusha jiwe, na hapo ndipo taabu huanza: kundi la kwanza hunywa maji, la pili hunywa maji yenye rangi, na la mwisho hunywa uji wa udongo. Mimi nilikuwa wa mwisho kila siku. Kwa kina Marwa, mwenzangu wa kuchunga, lambo liko mlangoni. Akipiga chafya nyumbani kwao ng'ombe wake wanashtuka wakiwa majini. Kwetu ni nyuma ya vilima viwili. Ng'ombe sita wa Bibi walikuwa wakinusa ule uji, wananiangalia kama mimi ndiye niliyeupika, halafu wanarudi nyumbani na kiu yao. Maziwa yalipungua hadi kikombe. Nilimweleza Bibi habari za vilima na umbali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bhoke, ng'ombe hanywi visingizio."

Kulikuwa na njia moja tu ya kupata zamu ya kwanza. Sisi watoto watano wa lambo tulikuwa tumekubaliana kwamba kila Jumamosi tunashindanisha mashua, na mshindi ananywesha wa kwanza wiki nzima. Mashua yenyewe ilikuwa chochote kinachoelea. Yangu ilikuwa kandambili. Ya Marwa ilichongwa na kaka yake fundi seremala, ikapigwa msasa hadi inateleza kama samaki. Alishinda Jumamosi zote, na kila Jumamosi mimi nilitangaza mbele ya watu na ng'ombe kwamba kilichoshinda ni ile mashua, Marwa mwenyewe hajui lolote.

Sasa Bibi alikuwa na mpangaji, Kaka Masanja, Msukuma aliyekuja kutafuta dhahabu akawa amepata vumbi tu. Alikuja lambo kufua, akakuta nabishana. Akacheka hadi akakaa chini. Kumbe kabla ya dhahabu alikuwa akiosha mashua za matanga kule Mwanza, za watu wanaoshindana ziwani.

"Wale hawawezi kubishana kama nyinyi," alisema. "Mashua zao zote zimetoka kalibu moja, kama matofali. Urefu mmoja, tanga moja, uzito mmoja. Ukishindwa, umeshindwa wewe. Utamsingizia nani?"

Akachora mchangani. Chini ya tumbo la mashua kulikuwa na kitu kama pezi kubwa, zito kama gunia la mawe. Alikiita mkuku. Upepo ukiilaza mashua, mkuku unaivuta isimame tena. Ndani, akasema, kuna vitanda na jiko la kupikia chai. Mashindano yakiisha, watu hao hao wanapakia vyakula wanaenda kutembea visiwani na kulala humo humo.

"Mashindano na vitanda?" Marwa alikataa. "Kaka, hapo umetupiga kamba."

"Kwani lile dume lenu, si linalima siku za kazi na Jumapili linapigana?"

Marwa akaenda kuleta panga. Hoja ya dume haina jibu kwa Wakurya.

Basi tukaanza kutengeneza tano za namna moja. Tulikata bua la mkonge, lile refu linaloota katikati, vipande vitano kwa kipimo cha fimbo ya Masanja. Matanga tulikata kwenye salfeti moja ya mbolea. Mkuku ulikuwa kipande cha debe, chini yake msumari wa inchi sita, na msumari ulishikiliwa kwa plastiki ya moto iliyodondoshwa kutoka beseni bovu, kama mama zetu wanavyoziba ndoo. Kila mtu aende nyumbani amalizie wake, Jumamosi tukutane.

Ni hilo neno "nyumbani" lililoniponza. Nilikaa nyuma ya jiko na beseni langu linalotoa moshi, nikawaza: upepo wa mchana huwa mkali, mashua zitalala, yenye mkuku mzito zaidi itasimama. Ng'ombe kiongozi wa Bibi alikuwa na kengele shingoni. Nikang'oa ulimi wa ile kengele, chuma kizito kilichonenepa chini, nikaulaza kando ya msumari na kuufunika kwa plastiki mpaka ukawa bonge moja jeusi lisilo na ushahidi. Ng'ombe akabaki bubu. Bibi nilimwambia ulimi umedondoka porini. Alinituma kuutafuta, nami niliutafuta kwa bidii kubwa sana mahali ambapo haukuwepo.

Jumamosi, mashua tano zilipangwa ukingoni, zinafanana kama vifaranga. Moyo wangu unacheka. Ndipo Masanja akavua kofia yake, ndani kuna vikaratasi vyenye namba za mashua.

"Kule Mwanza siku nyingine walikuwa wakipiga kura nani apande ipi," alisema. "Hakuna kupanda ya kwako. Haya, chagueni namba."

Nilisema naumwa tumbo. Hakuna aliyejali. Mimi nikaangukia mashua ya Marwa. Na Marwa, kati ya watoto wote wa Mungu, akaangukia yangu. Aliinyanyua, akaipima kidogo kiganjani, akanitazama. Kisha akaiweka majini.

Na upepo wenyewe siku hiyo? Haukuwepo! Pumzi tu, ya kupoza chai. Mashua nyepesi zilikwenda zikitikisika. Ile ya bonge jeusi ilizama mpaka kifuani ikawa inatambaa kama kobe aliyeshiba. Kwa hiyo hata ningeipata mwenyewe, ningeshindwa. Mashua ya Marwa, mkononi mwangu, ilitangulia kufika ng'ambo.

Watoto walimzomea: "Wee mura, kijana mzima umekwama kwenye matope?"

Tulisubiri aseme. Katika historia yote ya lambo letu hakuna mtu aliyewahi kuwa na haki ya kuisingizia mashua kama Marwa siku ile. Alikunja tanga lake, akasema, "Nimeshindwa mimi," akaenda kukusanya ng'ombe wake, ile mashua kwapani.

Wiki ile ng'ombe wa Bibi walikunywa maji yanayoonyesha mbingu. Walikunywa mpaka wakasimama wakisahau walichofuata. Maziwa yalirudi, Bibi akanisifu kwa majirani. Jumatano, tukiwa lambo, nilisikia kengele inalia. Ulimi ulikuwa umerudi mahali pake, umefungwa kwa waya mpya, una alama za plastiki iliyokwanguliwa kwa kisu. Marwa alikuwa mbali, amelala chali, anapiga mluzi.

Hapo nikajua nimekwisha. Nilingoja anishtaki. Hakunishtaki. Nikasema anaitunza siri, siku moja ataitumia. Kwa miaka mitano nilimgawia mahindi ya kuchoma, nikamwachia hesabu zangu anakili, tena zimekosewa, maskini. Hakuwahi kunidai kitu.

Likizo iliyopita nilichoka kungoja, nikamuuliza tukiwa njiani kutoka kanisani kwa nini alinyamaza.

"Ningesema, mngerudia mashindano," alijibu. "Na ungeshindwa. Ng'ombe wa bibi yako mbavu zilikuwa zinahesabika, Bhoke. Sisi lambo lipo mlangoni. Tungengoja tu."

"Kwa hiyo ningekuomba zamu, ungenipa?"

Alinishangaa. "Sasa ningekunyima kwa sababu gani?"

Mimi ndiye nilijiona mjanja wa kijiji kizima. Niliiba chuma, nikaunguza vidole vitatu, nikamdanganya bibi na kumnyamazisha ng'ombe, na kumbe kiangazi chote kile, kilichokuwa kinatakiwa ni kupanda vilima viwili, kufika lambo, na kusema, "Marwa, naomba leo nitangulie."