Uzi Uliolambwa

Walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Yeye na dada yake mkubwa walikuwa na chumba kimoja cha ushonaji, cherehani mbili zikitazamana, na mtindo wao tangu usichana: Dada hulamba ncha ya uzi, hutunga sindano, humkabidhi mdogo wake. "Mate ya Dada ndiyo gundi ya duka hili," Sindano huwaambia wateja, nao hujifanya hawakusikia.

Mwaka huu jicho lake la kushoto likaingia ukungu. Kisha vidole vikafa ganzi. Akapimwa, akapimwa tena, Dada akiwa pembeni yake, mpaka daktari akautaja ugonjwa: maltipo sklerosisi, jina refu kuliko foleni ya dirisha la dawa. Kinga ya mwili inaguguna ganda la mishipa ya fahamu kama panya anavyoguguna mpira wa waya.

"Umewahi kuugua homa ya tezi?"

"Nikiwa na miaka kumi na saba. Alianza Dada, nikafuata mimi."

Daktari akaeleza kwamba watafiti wanakihusisha kirusi cha homa ile na ugonjwa huu, na kwamba husambaa kwa mate. Aliendelea kueleza, ila masikio ya Dada yalikwishafunga duka kwenye neno "mate".

Tangu siku ile Dada hakulamba uzi. Alikuja na kikombe chake, akaigeuzia cherehani yake ukutani. Akanunua kiwaya cha kutungia sindano, akakiacha mezani kama mtu anayeaga.

"Jumatatu naanza kazi kiwandani," akasema.

Ganzi Sindano alikwishaanza kuizoea. Alichokiogopa ni kushona akitazamana na ukuta.

Ijumaa asubuhi gauni la bibi harusi lilibakiza vifungo ishirini, na mwenyewe alikuwa anakuja saa saba. Sindano alijaribu kutunga uzi mara sita. Kiwaya kikamponyoka.

"Dada, nitungie."

"Tumia kiwaya."

"Kiko chini ya kabati. Kimenikimbia kama wewe."

Dada akasema akiutazama ukuta, "Mimi ndiye niliyekumaliza, mdogo wangu."

"Nimeisha lini? Aliyekwisha anashona vifungo ishirini?"

"Daktari alisema ni mate."

"Alisema mengi, wewe ukaondoka na moja. Kirusi hicho karibu kila mtu mzima anacho, hata yeye mwenyewe, na wengi hawaugui ugonjwa huu. Kuna mengine yanayochangia, bado wanayatafuta. Na ugonjwa wenyewe hauambukizi. Halafu nani kakwambia nilikipata kwako? Mwaka ule nilikuwa nakutana na mtoto wa mwalimu mkuu nyuma ya maktaba."

Dada akageuka na kiti chake. "Mlikuwa mnasoma."

"Tulisoma pia."

"Nami nikamwambia Mama mnasoma."

"Ndiyo maana nakupenda. Sasa tunga, bibi harusi hatavaa maneno."

Dada akauchukua uzi. Akautazama kitambo. Akaulamba, akautunga, akaiweka sindano kwenye kiganja cha mdogo wake na kumkunja vidole kimoja kimoja, mpaka alipohakikisha ameishika.

"Na Jumatatu?" Sindano akauliza.

Dada alikuwa ameinama, anaisukuma cherehani irudi mahali pake.

"Shona wewe," akasema. "Na huyo mtoto wa mwalimu mkuu tutamzungumzia vizuri."