Honi Iliyochelewa Nyuma ya Nguzo za Glenys

Saa tisa alasiri, na ukungu wa Julai bado umeulalia uwanja wa Wirrabil. Glenys Pohlner amesimama baina ya nguzo mbili ndefu, koti jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, bendera zake mbili zimeegemea kando. Mbele yake kuna hatua chache za majani mabichi, kisha hakuna kitu. Wachezaji thelathini na sita wamo humo ndani mahali fulani. Anawasikia wakihema na kuitana, halafu kimya, utadhani wote wamekwenda zao nyumbani.

“Siku kama hii naipenda,” anasema taratibu, bila kugeuka. “Mpira unanijia kama ndoto, na sijui ni nani aliyeiota.”

Kuuzunguka uwanja, magari yameegeshwa yakitazama ndani, taa zimewashwa, watu wamejifunika mablanketi mapajani. Timu yao ikifunga, wanapiga honi. Katika ukungu huu honi zinatoka kila upande, nzito na za mbali, kama ng'ombe waliopotezana.

Glenys ana umri wa miaka sitini na moja. Siku za kazi anapima ngano kwenye mizani ya maghala yaliyo kando ya reli. Lori linapanda, anasoma uzito, anachota ngano kidogo kupima unyevu, mkulima anapokea karatasi yake na kuondoka.

“Jasho lao la mwaka mzima wananiachia mimi,” anasema. “Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza, ‘Glenys, una hakika?’ Lakini mpira mmoja tu! Mmoja!”

Mpira huo ndio uliomharibia mwaka.

Katika ligi yetu hii ya vijijini, ya mpira wa umbo la yai, kila klabu hutoa mtu wake mmoja wa kushika bendera golini na kuamua kama ni bao. Wa Wirrabil ni Glenys, na amekuwa yeye kwa karibu miaka ishirini. Malipo yake yanatosha mafuta ya gari na pai moja ya nyama, nayo pai asipoila mapema inapoa mkononi kwa matusi.

Septemba iliyopita Wirrabil walikutana na Kurnong katika nusu fainali. King'ora cha mwisho kililia Wirrabil wakiwa nyuma kwa alama tatu, mpira ukiwa mikononi mwa Heath, mtoto wa mdogo wake Glenys, Rodney. Sheria inamruhusu apige. Mpira ukipita katikati ya nguzo bila kugusa kitu ni bao, alama sita. Ukiigusa nguzo, ni alama moja tu.

Ulipita. Honi za Wirrabil zikalia zote kwa pamoja, watu wakakumbatiana. Glenys akainua kidole kimoja: alama moja.

“Niliusikia ukigusa nguzo,” anasema. “Kidogo tu, kama ukucha kwenye mlango. Ningefanyaje? Nijifanye kiziwi kwa kuwa mpigaji ni mtoto wetu?”

Walimwita funza mweupe, tusi la tangu enzi za babu zetu kwa waamuzi wenye makoti meupe. Hilo alilizoea. Kilichomuumiza ni Rodney. Yeye hakutukana. Alifunga mlango wa pikapu yake akaondoka, na tangu siku hiyo hakumsemesha dada yake, ingawa nyumba zao zinatenganishwa na ua mmoja wa waya. Zamani aliegesha nyuma ya nguzo za Glenys kila Jumamosi, wakinywa chai ya chupa moja. Sasa huegesha kule mbali, karibu na mabanda ya kondoo.

“Mji mzima uninunie, sawa,” anasema Glenys. “Lakini huyu nimemlea mimi, tangu mama alipotutoka. Krismasi niliweka sahani yake mezani. Ikabaki pale pale.”

Ukipenda, chongo huita kengeza, na huku kwetu tunapenda sana. Kwenye dirisha la kantini, Beryl Liebelt, ambaye amewauzia pai Wirrabil wazazi na watoto wao, hana shaka hata chembe kuhusu mpira ule.

“Haukugusa! Niliuona kwa macho yangu mawili.”

“Lakini Beryl, si ulikuwa humu jikoni unakaanga chipsi?” namuuliza.

“Dirisha lilikuwa wazi.”

“Linatazama maegesho, si golini.”

“Wewe mwandishi, unataka pai au unataka kesi?”

Leo Kurnong wamerudi, na dakika za mwisho zimefika Wirrabil wakiwa nyuma kwa alama nne. Ndani ya ukungu mguu unagonga mpira. Mlio wake ni mmoja, wa ngozi iliyopigwa sawasawa. Hata kabla mpira haujaonekana, magari ya Wirrabil yanalipuka kwa honi uwanja mzima. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuiona nguzo.

Mpira unatokea juu, mweupe ndani ya weupe, unazunguka polepole mno. Glenys anarudi hatua moja, anauacha upite juu ya kichwa chake, anasikiliza. Honi zinachoka na kufifia. Mwamuzi wa kati anampa ruhusa. Anainua vidole viwili, ishara ya bao, anachukua bendera zake na kuzipunga.

Hapo ndipo honi moja inalia. Imechelewa, ina sauti ya mafua, na inatokea nyuma ya mgongo wake.

Glenys hageuki. Mwamuzi akiwa kazini hageuki. Ila bendera zinaendelea kupungwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

“Funza mweupe! Mwizi wa Wirrabil!” inasikika sauti ya Neville Grosser wa Kurnong, bwana yuleyule ambaye Septemba alimbusu Glenys mashavu yote mawili, akamwita jicho la tai.

Mchezo unapoisha Rodney yuko kwenye uzio na vikombe viwili. Ni mtu mkubwa, na vikombe vinaonekana vidogo mikononi mwake.

“Chai inapoa, dada.”

“Umeanza lini kuegesha huku?”

“Sasa hivi tu. Kule wanapigia ukungu honi, kisha wanaapa wameona.” Anatazama kikombe. “Heath alipopiga siku ile, nilifumba macho. Sikuona kitu. Nilipofumbua, honi zilikuwa zinalia. Nikaziamini honi.”

“Miezi yote hiyo, Rod? Na ulikuwa umefumba macho?”

“Ni mwanangu, Glenys.”

“Mjinga we,” anasema dada yake, na anakipokea kikombe kwa mikono miwili.

Fainali ni Septemba. Glenys anataka kusimama golini siku hiyo, Wirrabil wakiwemo au wasiwemo, kisha amkabidhi mtu mwingine koti. Matusi anayajua, hayamsumbui.

“Wote wapige honi wanavyotaka,” anasema, akikunja bendera zake zilizolowa. “Mimi nataka ile moja tu, inayongoja nipunge kwanza.”