Alama ya Chelezo

Mamangu hakujua kompyuta, lakini hakuna aliyeisumbua tovuti yangu kama yeye. Niliitengeneza hapa Mombasa ili Wabajuni waliotawanywa na vita vya Somalia watafutane: mtu anaandika ujumbe, unahifadhiwa kwenye hifadhidata, na wenzake wanausoma walipo, kambini au Ulaya. Kila asubuhi mama alivuta kiti kando yangu. Alikuwa akimtafuta kaka yake. Tulipokimbia kisiwa chetu cha Chovai, mjomba alirudi Kismayu kumchukua mkewe, na hatukumwona tena.

Siku moja nikamsomea ujumbe mpya: "Sisi wana wa, tunamtafuta shangazi yetu." Baada ya "wana wa" palikuwa patupu.

"Mchu gani huyu asokuwa na kwao?" mama akafoka kwa Kibajuni chake. "Kompyuta yako imemla!"

Niliudhika, maana alisema kweli. Mwenzangu wa kazi alitaka tufute kila alama ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, kabla ya kuhifadhi, wahuni wasituharibie kurasa. Nilimkatalia katakata: maneno ya watu yahifadhiwe yalivyokuja, ulinzi uwekwe wakati wa kuyaonyesha. Ubishi ninao, ulinzi wenyewe ulikuwa bado. Basi chochote kilichoandikwa kati ya < na >, kivinjari kilikidhani ni amri ya HTML, kikakificha.

Nikafungua hifadhidata. Pale patupu palikuwa na hiki: <X/>. Nikarekebisha ukurasa uonyeshe alama hizo kama maandishi tu, nikamgeuzia mama kioo.

Akashika mdomo. Kwetu kila mvuvi alichonga alama yake kwenye chelezo, kile kigogo kinachoelea juu ya dema, ili watu wajue mtego ni wa nani. X kati ya kona mbili ilikuwa ya mjomba.

Kidole chake kikaifuata alama, kikasimama kwenye ule mstari wa mshazari. Nikadhani mwandishi amekosea.

"Niufute?"

"Wacha!"

Machozi yalikuwa yameshamtoka. Mjomba hakuwa na mstari. Mstari huongezwa na mwana, siku anaporithi madema ya babake.

"Nduyangu kafa," akasema.

Nikamshika mkono. Alilia mpaka leso ikalowa, kisha akakisogeza kiti karibu na meza.

"Mwandikie mwanawe. Na alama uitie, na mstari wake, asidhani hachuna kwechu."