Buluu Ndani ya Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sitini, Mfamasia Mkuu wa hospitali yetu ndogo ya Kisii hakunionyesha dawa hata moja. Alifungua kopo la mafuta ya manyoya ya kondoo, yale ya kuchanganyia malhamu, akasema, "Binti, dawa ni mgeni. Haya ndiyo kitanda chake. Kagua kunguni kwanza."

Kunguni wetu aliitwa peroksaidi. Mafuta yakikaa juani na hewani humzaa kidogokidogo. Haonekani, naye huila kimyakimya penisilini tunayotia humo. Tulimtafuta hivi: tuliyeyusha mafuta kidogo kwa klorofomu na asidi ya siki, tukatia chumvi ya iodidi, kisha matone ya uji mwepesi wa wanga. Kama yupo, buluu ilipanda polepole kama ukungu wa Nyamira ukitoka bondeni. Niliipenda mno rangi ile, Mungu anisamehe. Niliiota hata nikiwa macho.

Julai moja mafuta yaligandishwa na baridi. Nikafanya kama mama alivyofanya na samli ya kumpaka mtoto: nikayaanika dirishani, kopo wazi, wiki nzima. Sikuyapima tena. Nilikuwa na cheti kipya na kichwa kikubwa.

Malhamu niliyochanganya kwa mafuta hayo ilimwendea Moraa, mchuma chai wa Nyacheki aliyechomwa jichoni na kijiti. Baada ya siku nne alirudi, jicho limevimba.

"Mwanangu, hii dawa haina nguvu."

"Hukupaka vizuri," nikamkemea.

Nikayapima mafuta ili nimwonyeshe kosa ni lake. Buluu ikapanda. Kwa mara ya kwanza niliiogopa.

"Nani aliyaanika?" Mfamasia Mkuu aliuliza alipoiona rangi ile.

"Ni mimi, mzee."

"Changanya nyingine kwa mafuta mazito ya parafini, si yale ya taa, hayo hayaharibiki upesi. Mpelekee mwenyewe."

Jicho lilipona, likabaki na kovu jeupe. Moraa sikumwambia ukweli. Nilihamishiwa Nyamira, nikapanda cheo, nikafundisha wengine, na kila kopo nililofungua nililipima, hata walioniita mwoga walipocheka.

Nilipostaafu nilipanda hadi Nyacheki, nikamweleza yote mlangoni pake. Alinisogezea kigoda, kovu likimeta.

"Nilijua. Ile dawa ya pili ulinipea ukilia. Nikasema, huyu sasa ataangalia watu vizuri."

Kisha akaniuliza kama nimekula.