Kimo cha Mjukuu Wangu

Watu wa Beni huniambia kwamba wamemwona mjukuu wangu: mmoja amemwona machimboni, mwingine msituni akiwa na bunduki. Hakuna hata mmoja aliyemkaribia kiasi cha kusikia sauti yake. Habari hizo naziacha huko zilikotoka. Hapa naandika niliyoyaona mwenyewe.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Katika mwaka mmoja alinipita kimo, ndevu chache zikamwota kidevuni, na sauti ikawa nzito asubuhi na nyembamba jioni. Bibi yake alikunjua upindo wa mwisho wa suruali yake. Hapakubaki kitambaa kingine.

Nilifundisha biolojia Butembo hadi nilipostaafu. Kila mwaka niliwaeleza wanafunzi kwamba mifupa haiungoji ubongo, na kwamba sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayopima hatari kabla mdomo haujafunguka, ndiyo hukomaa mwisho. Waliandika. Mimi nilisahihisha.

Siku hiyo mimi na mjukuu wangu tulikuwa tunarudi Beni kutoka Mbau, tulikokwenda kuanika kakao. Kwenye kizuizi cha barabarani tulinunua mandazi kwa wasichana wawili. Kijana mwenye sare akatukaribia. Sare niliiona; ilikuwa ya kundi gani, sikuthibitisha.

“Weye murefu, karte ya uchaguzi iko wapi?” Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha mtu mzima kwetu.

“Sina. Miko mutoto.”

“Mutoto na ndevu? Unanyonya bado?”

Wenzake walicheka. Nikasema, “Shefu, huyu ni mujukuu wangu, iko mwanafunzi. Iko na myaka kumi na ine tu.”

Wasichana walimtazama mjukuu wangu, naye akawatazama. Ndipo aliposema, “Lakini weye, shefu, ndevu yako iko wapi?”

Wasichana walicheka. Mwenye sare hakucheka.

Nilimshika mjukuu wangu mkono. Ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Walimtoa mikononi mwangu bila kunipiga, wakampandisha nyuma ya gari lao. Nilirudia umri wake kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa.

Yeye hakuonyesha hofu. “Koko,” aliniita mimi babu yake, “uniwekee mandazi yangu! Hapana kula yote!” Sauti ilikatika katikati, ikarudi ile nyembamba.

Gari liligeuka kuelekea Oicha. Alikuwa ameketi ukingoni, miguu ikining'inia, na suruali ilimwishia juu ya vifundo vya miguu.