Ufunguo wa kompyuta umeenda matanga

Leo mteja wetu wa pekee alikuja kuona programu yetu, akaona kitambaa tu.

Wacha niwaambie.

Mnanijua. Darasa sikukanyaga, lakini hakuna kompyuta hii Umoja yote haijawahi kuniamkia. Mimi ndiye fundi wa programu pale kampuni. Miezi mingi tumejenga programu moja ya kuhesabu mikate ya mama mwenye bekari kule Baba Dogo.

Sasa bosi wetu kila jioni hufunika kompyuta zote na kitambaa, akazifunga na kufuli. Ati tutacheza karata.

Jana akaenda matanga Kakamega. Na funguo mfukoni!

Mama akafika. Sisi mafundi tumezunguka kompyuta, imefunikwa kitambaa, kama tunaaga maiti.

"Sasa mzee, si uiwashe?"

"Mama, ufunguo uko matangani."

"Wa kompyuta?"

"Na wa simu ya ofisi pia."

Alicheka mpaka akakaa. Halafu akainuka. "Na mikate yangu mtanifungia hivi?"

Akaenda kutafuta mafundi wengine.

Hiyo kufuli mimi naifungua na pini ya nywele nikiwa usingizini! Lakini bosi alishafuta mwenzetu kazi kwa kuiguza tu.

Jioni bosi amerudi. Habari ya mteja hakuuliza. Amekagua kufuli moja moja.

"Safi. Hakuna mtu ameguza. Hiyo ndio nidhamu."

Nikamwambia, "Pole kwa msiba, bosi. Wa huko na wa hapa."

Akanishukuru!

Nimetoka hapo nikitema mate kwa hasira mpaka Kariobangi. Nanyi semeni, bosi wenu hufunga nini?