Kuchukua Baada ya Baba

Soko la kahawa lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda hadi kwetu Matiri. Mmoja wao alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili ila "shikamoo," ambayo aliwapa hata watoto. Mimi nilikuwa binti aliyetoka tu kumaliza kidato cha nne, akaniajiri niwe mkalimani wake.

Kitenzi kimoja tu kilinisumbua, nacho ni take. Shuleni tuliambiwa ni kuchukua, basi. Kumbe kwa yule bwana, take ya chai ilikuwa kunywa, ya picha ilikuwa kupiga, na ya basi la kwenda Songea ilikuwa kupanda. Baada ya wiki mbili nikajiona nimekimaliza.

Siku moja baba akamkaribisha chakula cha mchana. Mama alisonga ugali, akapika mbasa, samaki walioletwa asubuhi kutoka Mbamba Bay. Kaka yangu mkubwa alivaa shati la kanisani. Tukiwa tunakula, mgeni akanitazama mimi, akamtazama baba, akatabasamu.

"She takes after you," akamwambia.

Hiyo sikuwahi kuisikia. Lakini after nilikuwa naijua, ni baada. Nikatafsiri bila kusita: "Anasema mimi nachukua baada yako."

Tonge la baba likaishia hewani. "Unachukua nini?"

Nikamuuliza mgeni. Akajibu, "Everything."

"Anasema kila kitu, baba."

Kaka, ambaye tangu utotoni alijua mibuni yote ni yake, akarudisha kipande cha samaki kwenye sahani. Baba akanawa mkono taratibu.

"Mwambie mimi bado ni mzima."

Nikamwambia. Mgeni akasema kwamba hilo analiona.

Alipogundua hakuna anayekula tena, akajishika pua, kisha akaonyesha ya baba, kisha yangu.

"Hata pua anachukua?" kaka akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaeleza kwa sauti ndogo kwamba mgeni anasema nimefanana na baba, hayo tu. Mama alicheka mpaka akatoka nje. Kaka akamrudia samaki wake.

Baba yeye hakucheka. Kesho yake tulipokuwa tunapalilia, aliniita pembeni.

"Lile neno lako la jana limenikaa kichwani."

"Nisamehe, baba. Nilikosea."

"Najua ulikosea. Lakini kabla hujajisahihisha nilikuwa natafuta sababu ya kumwambia yule mgeni kwa nini wewe usichukue. Sikuipata."

Akanishusha mteremkoni, hadi kwenye mistari mitatu ya mibuni karibu na kijito, akasema kuanzia siku hiyo ni yangu, nisisubiri afe. Kwetu binti hakupewa mibuni. Nilipiga magoti palepale kwenye majani yenye umande nikamshukuru, naye akaniambia niinuke, magugu bado mengi.

Kaka alininunia wiki nzima. Wiki ya pili alikuja na jembe lake, akapalilia mstari mmoja bila kunisemesha, akaondoka.

Kahawa yangu ya kwanza nilimuuzia yuleyule bwana. Aliisifu sana. Sikumweleza niliipataje, Kiingereza changu kilikuwa hakijafika huko.